Mwokozi Naye Ana Haki ya Kuokolewa



Sisi watu wa pwani tumelelewa katika adabu moja njema: mayowe ya kuomba msaada yakisikika mtaani, hakuna anayeuliza kwanza nyumba ni ya nani. Wanaume hukunja kanzu, wanawake hutoka na ndoo za maji, vijana hupanda juu ya mapaa. Adabu hiyo twaiombea idumu. Lakini iko namna ya ajali ambayo haraka hii njema huizidishia msiba, nayo ni ajali ya sumu isiyoonekana kwa macho: hewa mbovu ya shimoni, moshi wa magodoro na plastiki, vumbi la jengo lililoporomoka. Anayeingia kuokoa huanguka ubavuni mwa aliyemfuata. Na yule anayetoka akiwa mzima huenda akarudi nyumbani na maradhi ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Juma hili tumechagua kulizungumza jambo hili kwa kutupa macho mbali kidogo na bahari yetu, hadi kusini mwa Nyanza: kwenye mashimo ya dhahabu ya Migori, na katika Remba, kisiwa cha wavuvi kilicho ndani ya Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay. Huko ajali za namna hii hukutana na umbali wa hospitali, na mwokozi karibu kila mara ni jirani asiye na mshahara wala vifaa. Yanayowahusu wao yanatuhusu na sisi, kama tutakavyoona.

Shimo linalochukua wawili

Katika eneo la Nyatike, Migori, dhahabu imechimbwa tangu zama za ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder ulipofungwa katika miaka ya sitini, wachimbaji wadogo waliendelea kwa sururu, nyundo na kamba. Mashimo yao huteremka wima kwenda chini, kisha hugeuka na kufuata mwamba wenye dhahabu. Maji yakijaa, huvutwa kwa pampu ya petroli. Mwamba ukiwa mgumu, hupasuliwa kwa baruti.

Hapo ndipo hatari huzaliwa. Injini inayounguruma ndani ya shimo, au karibu na mdomo wake, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Huingia kwenye damu na kuishika ile chembe inayobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, huhisi uchovu na kizunguzungu, kisha magoti hulegea. Walio juu wakiona kamba imetulia hudhani mwenzao ameteleza. Mmoja hushuka, kisha wa pili humfuata wa kwanza.

Moshi wa baruti nao una hila ya namna nyingine. Ndani yake mna hewa za naitrojeni ambazo mtu anaweza kuzivuta, akakohoa kidogo, akaenda zake nyumbani akila na kuzungumza. Kisha baada ya saa nyingi, pengine usiku wa manane, mapafu yakajaa maji. Kwa hiyo aliyeshuka kumwokoa mwenzake baada ya mlipuko hapaswi kuambiwa "alhamdulillahi, wewe mzima" na kuachwa alale peke yake. Huyo ni mgonjwa anayestahili kuangaliwa hadi siku ya pili.

Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi, NIOSH, ilitoa onyo kuhusu vifo vya ndani ya matangi, mashimo na visima. Ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa ni watu walioingia kuokoa. Tafakari hesabu hiyo, ndugu msomaji: aliyepatwa na ajali mwenyewe alikuwa upande wa wachache.

Wala tusidhani hayo ni ya wachimba dhahabu tu. Habari ya simu iliyotumbukia ndani ya choo cha shimo, na vijana walioifuata mmoja baada ya mwingine wasitoke, imesikika hapa Mombasa na kwingineko nchini. Ndani ya choo hujikusanya haidrojeni salfaidi, hewa yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua huitambua. Ikiwa nyingi, huifisha pua yenyewe, na mtu hudhani harufu imekwisha ilhali ndiyo inamuua. Kisima kilichofunikwa muda mrefu, tangi la maji taka na ngama ya jahazi vyaweza kuwa na hatari iyo hiyo.

Wazee walikuwa wakiteremsha kibatari kwanza. Kikizimika, ni dalili kwamba oksijeni imepungua. Lakini kikiendelea kuwaka, usalama haujathibitika, maana kaboni monoksidi haikizimi; na penye gesi inayowaka, kibatari chenyewe huleta mlipuko. Njia iliyo sahihi ni kuzima injini, kupuliza hewa safi ndani, kuipima kwa kifaa chake, na kutomruhusu mtu yeyote kushuka bila ya mkanda wa kifuani uliofungwa kamba, huku juu wakiwapo watu wa kutosha kumvuta. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyoizoea wakati wa korona, haisaidii kitu mahali pasipo na oksijeni. Pasipokuwa na vifaa hivyo, msaada ulio bora ni kubaki juu, kusukuma hewa na kuwaita wenye vifaa.

Twajua maneno haya ni mazito kwa moyo wa mzazi au ndugu. Kumwona mwanao chini na kuambiwa usishuke kwafanana na kuambiwa usimpende. Hata hivyo, dini yetu haikuacha jambo hili bila mwongozo. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sheria, na nafsi ya mwokozi imo ndani yake. Khalifa Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alipofikiwa na habari za tauni ya Amwas akiwa njiani kwenda Sham, alishauriana na wenzake kisha akawarudisha watu Madina. Alipoulizwa kama huko si kuikimbia kadari, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mola na kuingia katika kadari yake nyingine. Kujizuia kwa elimu si woga.

Remba: moto juu ya jiwe

Kutoka ufuo wa Nyatike, vijana wengi hubadilisha riziki kwa msimu, dhahabu ikiadimika hurudi ziwani. Ziwa huwapeleka hadi visiwa kama Remba. Kisiwa hiki ni kidogo mno, ni cha mawe, na nyumba zake za mabati zimebanana ukuta kwa ukuta. Wanaoishi hapo ni Wakenya, Waganda na Watanzania, wakivua sangara na dagaa, ambao huko huitwa omena. Bidhaa isiyokosekana ni mafuta: petroli ya mashine za boti, na mafuta ya taa kwa karabai za uvuvi wa usiku.

Moto ukizuka mahali kama hapo, gari la zimamoto halina njia, kwa kuwa barabara haipo. Wanaozima ni wavuvi wenyewe, kwa ndoo za maji ya ziwa. Kinachowaka mbele yao ni godoro la sponji, nyavu za nailoni, madebe ya plastiki na betri, na moshi wa vitu hivyo ni tofauti na ule wa kuni tuliouzoea jikoni. Sponji na nailoni zikiungua hutoa sayanaidi pamoja na kaboni monoksidi. Hizi mbili zikishirikiana, mtu huzirai ndani ya dakika chache bila hata ya kuguswa na mwali wa moto.

Sasa tuuangalie umbali. Kutoka Remba hadi Mbita, kwenye nchi kavu, ni safari ya saa kadhaa kwa boti, na ziwa likichafuka hakuna safari. Kwa aliyevuta moshi, saa hizo ndizo tiba yake. Mtu mwenye kaboni monoksidi damuni akiachwa kuvuta hewa ya kawaida, mwili huhitaji saa nne hadi sita kuipunguza kwa nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa inayoshika vizuri usoni, muda huo hushuka hadi kiasi cha saa moja au saa moja na nusu. Kwa hiyo mtungi mmoja wa oksijeni uliopo kisiwani una thamani kuliko mitungi kumi iliyopo bara. Uwekwe mbali na petroli, na ndani ya boti inayoubeba mtu asiwashe sigara.

Nchi yetu imekwisha kuona mara nyingi namna mafuta na gesi zinavyowala walio karibu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika, na zaidi ya 100 wakateketea. Tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka liligonga magari na kulipuka, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo maafisa wa usalama. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi Embakasi, Nairobi, ulijeruhi mamia. Katika kila msiba kama huu, idadi ya waliokufa husomwa redioni. Waliovuta moshi wakiwabeba wenzao hawana idadi inayosomwa.

Walivyohesabiwa wa New York

Ili tuone hasara ya kutowahesabu waokoaji, hapana budi tuvuke bahari, maana uko mji mmoja ambao hatimaye uliwahesabu. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo mawili marefu ya New York yaliporomoka. Wazima moto 343 walikufa siku hiyo. Maelfu ya wengine walibaki kwenye kifusi kwa miezi, wengi wao bila vifaa vya kulinda pumzi. Vumbi lililowafunika lilikuwa na saruji iliyosagika, yenye ukali unaounguza kama wa chokaa, pamoja na vipande vya kioo na asbesto. Wiki moja baada ya msiba, mkuu wa idara ya mazingira ya serikali yao alitangaza kuwa hewa ni salama. Mwaka 2003 mkaguzi wa idara hiyo hiyo aliandika kwamba wakati ule hapakuwa na vipimo vya kutosha kusema maneno hayo.

Kikohozi kilianza mapema. Kilifuatwa na pumu, maradhi ya pua na kiungulia, na baada ya miaka, saratani. Waliougua walilazimika kupigania sheria, nayo ilitiwa saini tarehe 2 Januari 2011. Ikapewa jina la askari mmoja, James Zadroga, aliyefariki mwaka 2006. Sheria hiyo ilianzisha mpango wa matibabu ambao baadaye uliongezewa muda hadi mwaka 2090, na walioandikishwa wamepita 100,000. Kufikia Septemba 2023, idadi ya wazima moto wa mji huo waliokufa kwa maradhi yaliyotokana na kazi ile ilikuwa imelingana na ya waliokufa siku yenyewe: 343 kwa 343.

Lau wasingeandikishwa, hao wa pili wangezikwa kila mmoja peke yake, na jamaa zao wangeambiwa ni pumu tu. Ndivyo inavyokuwa kwetu. Mnamo tarehe 7 Agosti 1998, wana wa Nairobi walichimba kifusi cha jengo la Ufundi kwa mikono mitupu ili kuwatoa waliofukiwa na bomu lililolenga ubalozi wa Marekani. Ni nani kati yetu ajuaye majina yao, na vifua vyao viko hali gani leo?

Tiba iliyo tiba

Yaliyo katika uwezo wa kila jamii ni haya. Aliyetolewa kwenye sumu apelekwe penye hewa safi, upande upepo unakotoka. Avuliwe nguo, maana sehemu kubwa ya kemikali iliyomrukia hubaki kwenye vazi. Sitara yake ihifadhiwe kwa shuka safi. Aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na macho yamiminiwe maji yasiyopungua dakika 15. Poda kavu ipanguswe kwanza kabla ya maji. Anayemhudumia avae glavu, naye aoge baadaye. Mwaka 1995, mjini Tokyo, wafuasi wa kundi moja walimwaga sumu ya sarini ndani ya treni. Waliodhurika walipokewa hospitalini wakiwa na nguo zao, na katika hospitali ya St. Luke's peke yake wahudumu zaidi ya 100 wakapata dalili za sumu iyo hiyo.

Huko hospitalini, oksijeni ndiyo dawa ya kwanza ya moshi. Kwa sayanaidi iko dawa ya sindano iitwayo hidroksokobalamini, ambayo ni aina ya vitamini B12. Kwa risasi na zebaki ziko dawa maalumu zinazoikamata sumu na kuitoa kwa mkojo, lakini hazitolewi ila baada ya kupima damu au mkojo, maana zenyewe zaweza kudhuru figo. Daktari aelezwe wazi kwamba mgonjwa alivuta moshi, kwa sababu kile kipimo kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutenganisha oksijeni na kaboni monoksidi, na huonyesha damu ni njema wakati mtu anakufa. Baada ya wiki kadhaa, aliyepona aangaliwe tena: kusahau, kubadilika tabia au kutetemeka kunaweza kuja kwa kuchelewa.

Yako pia mambo ambayo si tiba, na wajibu wetu ni kuyataja kwa heshima. Maziwa hayaondoi moshi mapafuni. Aliyemeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, kwani yakipanda huingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Hijama tunaiheshimu kama Sunna, lakini haiwezi kuitoa kaboni monoksidi kwenye damu, na kumcheleweshea mtu oksijeni kwa ajili yake ni kumdhulumu. Hata New York, baadhi ya waokoaji waliokata tamaa walipewa mpango wa kukaa kwenye mvuke kwa saa nyingi siku hadi siku, wakimeza vitamini kwa vipimo vikubwa na mafuta, kwa madai kwamba sumu itatoka na jasho. Wapo waliosema wamepata nafuu. Ushahidi wa kitabibu wa kuthibitisha madai hayo haukupatikana, na vitamini ya namna ile ikizidi hudhuru ini. Kila anayeuza "dawa ya kusafisha sumu" aulizwe swali moja: ni sumu gani, na imepimwa wapi kabla na baada?

Kwa akina mama tuna neno la ziada. Nguo za aliyetoka motoni au mgodini zisichanganywe na za watoto. Na dhahabu iliyoshikwa na zebaki isichomwe jikoni, kama inavyofanyika katika baadhi ya nyumba za wachimbaji, maana mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kudhuru ubongo na figo. Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Sisi wa Mombasa tuna funzo letu la Owino Uhuru, ambako risasi kutoka kiwandani iliingia ndani ya damu za familia nzima. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi hiyo ilisimama kwa sababu damu zilipimwa na majibu yakaandikwa.

Daftari na wakfu

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za mwaka 2007. Zimemwandikia mfanyakazi na mwajiri wake. Mvuvi wa Remba aliyeingia motoni kumtoa mtoto wa jirani hana mwajiri. Mchimbaji wa Nyatike aliyeshuka kumfuata mwenzake hana barua ya kazi. Hao hawana wa kuwashika mkono isipokuwa serikali zao za kaunti, na sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji kungoja bunge. La kwanza ni daftari. Baada ya kila moto, kila shimo lililoporomoka, kamati ya kijiji, ya ufuo au ya msikiti iandike majina ya walioingia kuokoa, walikaa muda gani, na walivuta nini. Waangaliwe siku ya pili, mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari, na ndiyo itakayosimama mbele ya hakimu.

La pili ni wakfu. Tumezoea kuweka wakfu visima, misahafu na majeneza. Mkanda na kamba madhubuti, kipimo cha hewa ya shimoni, mtungi wa oksijeni pamoja na mtu aliyefundishwa kuutumia, vyote hivyo vyaweza kuwa sadaka yenye kuendelea, hapa kwetu na katika visiwa vya ziwani. Palipo na mtandao wa simu, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ibandikwe mahali kila mtu aionapo.

Mtu aliyetoa pumzi yake ili mwingine avute pumzi ana deni juu yetu. Tulilipe angali hai. Mwenyezi Mungu awaponye waokoaji wetu waliougua kimya kimya, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa wenye kuokoa kwa elimu. Amin.